Laptopu iliyokuwa ikizimika saa nane mchana

Wiki nzima laptopu yangu ilikuwa inazimika ghafla, tena mchana tu, joto la Dar likiwa limekolea. Nikadhani betri. Nikaweka programu ya kupima joto: prosesa (chipu inayofanya kazi zote za kompyuta) nyuzi 98, na hapo naandika tu, sijafungua video hata moja! Prosesa nyingi za laptopu zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi zenyewe. Joto likizidi, mashine hujizima isiungue.

Nikafungua skrubu za chini, nikachomoa betri kwanza. Feni ilikuwa inazunguka vizuri, na ndiyo iliyonipotosha siku zote hizo. Tatizo lilikuwa mbele yake, kwenye vile vibati vyembamba vya kutolea joto: vumbi na nywele za paka vimeshikamana kama kipande cha blanketi. Nilikitoa kizima kwa kibanio. (Ukipuliza vumbi, shikilia feni kwa kidole isizunguke hovyo.) Pesti ya juu ya prosesa, ile inayosaidia joto litoke kwenye prosesa, nayo imekauka, inapukutika kama chokaa ya ukuta wa zamani. Nikaifuta kwa spiriti, nikapaka mpya, kiasi cha punje ya choroko.

Jana saa nane: nyuzi 71. Nimefanya kazi mpaka magharibi bila kuzimika.