Siku Moja Katika Shamba la Ukoo Wetu, Pamoja na Mbweha

Saa 11 alfajiri. Kabla ya kazi nyingine yoyote, huzunguka banda la kuku nikiwa na tochi ili nione kama kuna mnyama aliyechimba usiku. Leo nimekuta nyayo za mbweha mwekundu, nyembamba kuliko za mbwa wetu, zikifuatana kwa mstari ulionyooka hadi mlangoni, kisha zikigeukia kwenye ukuta wa mawe. Kando ya banda pamefukuliwa kidogo. Seng'enge tuliifukia na kuikunja upande wa nje, hivyo anayechimba hukutana nayo mapema.

Saa 1 asubuhi nakama ng'ombe na kuwafungulia malisho.

Saa 3 naanza kuukarabati ukuta huo, uliojengwa bila saruji na babu yake babu yangu. Sehemu hii ya shamba haijawahi kulimwa, na uzio wa miti ulioota kandokando yake umeachwa ukasongamana kwa vizazi vinne. Wakulima wengi waling'oa nyua za namna hii ili trekta lipate nafasi ya kugeuka. Sababu yao naielewa, ila kila nikiinua jiwe naona kilichopotea kwao. Chini yake mna mende, minyoo na vijia vya panya wa shambani, na hicho ndicho chakula cha mbweha kwa sehemu kubwa ya mwaka, pamoja na matunda yanayoanguka. Panya wanaoliwa hapa hawafiki kwenye ghala langu la nafaka.

Mchana, wakati wa kupumzika, nimelifungua tena daftari la babu. Ameandika kwa uchungu habari za usiku ambao mlango wa banda ulisahauliwa wazi, na asubuhi akakuta kuku karibu wote wamekufa ilhali mmoja tu ndiye aliyebebwa. Aliuona kuwa ni ukatili. Mimi nimejifunza kwamba kuku waliofungiwa hawana pa kukimbilia, na kwamba mbweha akikuta mawindo mengi hivyo huua kupita anavyoweza kula, kisha, asiposumbuliwa, huyachukua moja baada ya jingine na kuyafukia kuwa akiba. Babu alimtega, akamuua. Kurasa chache mbele anaandika kwamba mbweha mwingine ameonekana ukutani, jambo lisilonishangaza, kwa maana eneo likibaki wazi hupata mwenyewe upesi. Tangu nisome kurasa hizo, sijaweka mtego; nimenunua komeo.

Saa 10 alasiri jike amepita kwenye ukingo wa malisho, mdomoni amebeba panya. Mgeni angedhani ni mgonjwa kwa kuwa anatembea mchana, lakini ana watoto. Mimba yake huchukua siku 52 hivi, watoto huzaliwa wakiwa hawaoni, hufumbua macho baada ya wiki 2 hivi, na wakitimiza takriban wiki 4 huanza kutoka shimoni. Kwa wakati huu usiku mmoja haumtoshi kuwalisha.

Saa 12 jioni nimehesabu kuku: 23, wote wamo. Nimefunga komeo na kulivuta mara mbili. Nilipogeuka, watoto wanne walikuwa wakicheza juu ya mawe niliyoyapanga asubuhi, nami nikasimama pale pale, ndoo mkononi, hadi giza likawaficha.