Mnajitahidi

Leo ni siku ya tano tangu niandikiwe neno hilo kwenye kundi letu la jazi, na bado limenikaa kooni. Mnajitahidi. Nilidhani ikifika Ijumaa litakuwa limeshuka, kama dawa chungu inavyoshuka ukiifuatishia maji. Jana niko Malaba mpakani, mkononi nina hati za kontena la vigae, dereva ananieleza habari za sili iliyokatika, nami namjibu vizuri tu, kumbe moyoni namjibu mtu mwingine kabisa.

Na haikuwa wiki ya kukosa mambo: Mama ametolewa bandeji ya jicho kule Mbale na anaona, dada yangu amejifungua mvulana salama, mtandao wa forodha ulilala siku mbili na malori yakakesha kwenye foleni. Yote hayo yamepita mbele yangu kama treni ya mizigo isiyosimama stesheni.

Mnaikumbuka ile santuri niliyokuwa nikiisubiri tangu Februari. Imefika. Imekuja kwa basi kutoka Nairobi, imeviringishwa katika blanketi la mtoto, katikati ya vipande viwili vya kadibodi. Ni Mwandishi ya Herbie Hancock, mpiga piano wa jazi wa Marekani, ya mwaka 1971, iliyochapwa Marekani. Pembe za jalada zimelika, mwenyewe wa zamani ameandika herufi mbili za jina lake nyuma kwa kalamu ya wino, na upande wa kwanza una mkwaruzo mmoja unaogonga kama ukucha juu ya meza, mara nne au tano, kisha unapotea. Kwa santuri iliyozunguka dunia miaka yote hiyo, mkwaruzo mmoja si kitu.

Kilichonifanya niitafute, kabla hata ya muziki wenyewe, ni majina. James Mtume, mwanamuziki aliyekuwa ameshachukua jina la Kiswahili, ndiye aliyewagawia wenzake majina. Hancock akawa Mwandishi. Eddie Henderson wa tarumbeta akawa Mganga, na kweli alikuwa amesomea udaktari. Billy Hart wa ngoma akawa Jabali, Bennie Maupin akawa Mwile, Julian Priester wa tromboni akawa Pepo Mtoto, na Buster Williams wa besi akawa Mchezaji. Hata kijana wa miaka 18 aliyeongezwa kwenye ngoma katika kipande cha kwanza kiitwacho Ostinato, Leon Chancler, aliitwa Ndugu, na jina hilo alikuwa nalo bado alipokuja kupiga ngoma za Billie Jean ya Michael Jackson. Nikikaa barazani jioni nauona mwamba wa Tororo umesimama juu ya mji wetu, hapa mashariki ya Uganda, namkumbuka Billy Hart. Jabali ni hilo hapo, halihitaji kufafanuliwa.

Basi Jumatatu usiku nikapiga picha ya jalada, nikaituma kwenye kundi letu la wapenzi wa jazi. Watu wakafurahi. Mmoja wa Bujumbura akaniuliza bei, mwingine wa Dar akataka kujua kama karatasi ya ndani ni ya asili. Ndipo akaingia yule bwana wa pwani, yule mwenye santuri nyingi kuliko sisi sote, ambaye siku zote namsoma kwa heshima kwa sababu anajua.

Aliandika: "Hongera kwa santuri. Ila jina la Mchezaji walikosea. Besi hupigwa, haichezwi. Wangemwita Mpigaji."

Nikamjibu. Nimelisoma jibu langu mara nyingi mno tangu siku hiyo, nikitafuta lilipokosa adabu, na sijapaona. Niliandika: "Kaka, labda hawakukosea. Mchezaji ni anayecheza, na ngoma isiyo na wachezaji ni kelele. Isikilize Ostinato, kila mzunguko una mapigo 15, miguu yetu haijui pa kutua, lakini besi imo humo humo inacheza bila kuteleza. Na Randy Weston alishaliweka neno hilo mwaka 1960, kwenye Uhuru Afrika, kipande cha mwisho kinaitwa Kucheza Blues."

Nilitamani alishike hilo la Weston, mpiga piano mwingine wa Marekani. Kwa kweli ndilo nililotaka tuzungumze usiku ule. Santuri ile ya Uhuru Afrika inaanza kwa Kiswahili! Maneno ya uhuru aliyoyaandika mshairi Langston Hughes, na sauti ya mtu wa Tanganyika, Tuntemeke Sanga, akiyasema kwa Kiswahili kabla bendi haijaingia. Mipango ya vyombo ni ya Melba Liston, ngoma ni za Max Roach na Olatunji. Kuna mengi ya kusema hapo, watu wangekesha.

Jibu lake lilikuja baada ya dakika mbili. "Dada yangu, Kiswahili kina wenyewe. Ninyi Waganda mnajitahidi, hongera."

Basi. Hakuna tusi hapo. Mtu akinishtaki kwamba nimekasirikia pongezi, nitamwonyesha nini? Wakafuata wa kucheka. Mmoja akatuma ule msemo tunaoujua sote, kwamba Kiswahili kilizaliwa Unguja, kikakulia Bara, kikaugua Kenya, kikafia Uganda. Wengine wakarudi kwenye bei. Nikaweka simu chini ya mto.

Usiku huo na kila usiku tangu hapo nimemjibu. Jibu la kwanza lilikuwa: Mama yangu amezaliwa Changamwe. Nililiandika kabisa, kidole kiko juu ya kitufe, kisha nikalifuta. Kwa nini nimtoe Mama kama kitambulisho kwenye kizuizi cha polisi? Na je, mwenzangu wa Kasese au wa Arua ambaye mama yake si wa Changamwe, yeye atatoa nini? Jibu la pili lilikuwa kali, siliandiki hapa. La tatu lilikuwa swali: kaka, nimekosea wapi? Nionyeshe neno moja. Hilo ndilo ninalolirudia zaidi, nikiosha vyombo, nikisubiri taksi, nikipiga mihuri. Nionyeshe neno moja. Maana hakugusa hoja yangu hata kidogo, aligusa mahali ninapokaa.

Nyinyi mnaosoma hapa mnamjua Baba. Alitoka kijijini na Kidhopadhola chake tu, reli ikampeleka Nairobi, ikampeleka Voi, ikamfikisha Mombasa alikompata Mama, ikamrudisha Tororo akiwa na mke, redio na lugha. Kwenye kota za reli tulikaa na Wakamba, Wajaluo, Wataita na Waganda wa Buganda kwenyewe, na watoto hatukuwa na lugha nyingine ya kugombania mpira. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 majirani wengine walipakia vitu wakaenda zao ng'ambo ya mpaka. Mama akabaki. Usiku Baba alikuwa akiitafuta Sauti ya Amerika kwenye masafa mafupi, kipindi cha jazi cha Willis Conover, yule aliyekuwa akisema Kiingereza polepole makusudi ili walio mbali wamfuate. Kipindi kilifunguliwa kwa Take the "A" Train ya bendi ya Duke Ellington, na Baba, mtu wa signali, kila siku alitwambia kwa fahari, "Treni hiyo imepita." Kisha alitutafsiria aliyoyasema Conover. Jazi mimi niliifahamu kwa Kiswahili kwanza. Maneno ya saksafoni na tarumbeta na kwamba mtu anaweza kuuacha wimbo akaenda zake na akarudi, yote niliyasikia kwa Kiswahili cha kota za reli, chini ya mwamba huu huu.

Halafu nikapelekwa sekondari Kampala, na huko wasichana wenzangu wakaniambia Kiswahili ni cha wanajeshi na wezi. Sikuwalaumu sana, hata sasa siwalaumu. Kwenye nyumba nyingi za Buganda lugha hii iliingia miaka ya sabini ikiwa na bunduki mkononi. Lakini nilijifunza kunyamaza. Nilikuwa nikimwandikia Mama barua za Kiswahili nikiwa nimezifunika kwa kiwiko. Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005 Kiswahili kikawekwa kuwa lugha rasmi ya pili, na Baba akalikata lile gazeti akaliweka ndani ya jalada la santuri yake ya Ellington. Limo mpaka leo, limegeuka rangi ya chai.

Kwa hiyo nimefukuzwa nayo pande zote mbili. Kwangu niliambiwa nina lugha ya watu wabaya. Nje naambiwa sina lugha, ninajitahidi. Na kinachoniuma zaidi ni hiki: yule bwana anaipenda santuri ya Mwandishi. Ameisifu miaka yote. Hancock amezaliwa Chicago mwaka 1940, hakuwa na bibi Lamu, na bwana yule hajawahi kusema Hancock anajitahidi. Amemkubalia mtu wa Chicago ajiite kwa lugha yetu, akasahihisha jina moja tu kwa upole, na mimi wa Tororo, niliyeanza kulia kwa lugha hiyo, akanipigia makofi ya kumtia moyo mtoto.

Juzi usiku, Alhamisi, umeme ulikuwepo, nikaiweka santuri. Mama alikuwa kwenye kiti chake, jicho bado jekundu, ameambiwa asiiname na asiangalie mwanga mkali, kwa hiyo tulizima taa. Ikaanza Ostinato. Mama hapendi jazi ya vurugu, yeye ni wa taarabu, na nilitegemea aniombe nipunguze. Hakusema kitu. Baada ya muda nikaona kwenye giza bega moja linakwenda, halafu la pili. Santuri ikagonga kwenye mkwaruzo wake, ikapita, na Mama hakupotea.

Akaniuliza, "Huyo wa chini ni nani?"

Nikamwambia ni wa besi, anaitwa Buster Williams, na jina lake la Kiswahili ni Mchezaji. Sikumwambia habari za kundi, sikutaka.

Akafikiri. Akasema, "Sisi kwetu tungesema mpiga besi. Chombo hupigwa."

Nilihisi tumbo linashuka. Amesema vilevile! Nusura niinuke kwenda jikoni. Lakini Mama alikuwa hajamaliza, bado anatikisa bega, na kwa sauti ile anayoitumia akizungumza na nafsi yake akasema, "Lakini huyu, wacha aitwe. Mcheza kwao hutunzwa."

Siku tatu nzima nilikuwa natafuta neno la kumjibu yule bwana, na methali hii imekaa kinywani mwangu tangu utotoni. Mcheza, ndani yake, neno lilelile. Nikaona arusi za kota, mtu anaingia katikati ya duara, na mashangazi wanamwendea mmoja mmoja kumbandika noti kwenye paji la uso. Hawamwulizi amejifunzia wapi. Nilicheka peke yangu gizani mpaka Mama akauliza kulikoni, nikasema hakuna kitu, Mama, nimefurahi tu.

Nilichukua simu. Ningeituma methali ile peke yake, bila salamu, na nadhani angenyamaza. Lakini wakati huo huo niliona ningeiharibu. Mama aliitoa kwa Buster Williams, zawadi ya mama mmoja wa Changamwe aliyeketi Tororo kwa mtu wa besi wa Marekani, na mimi ningeitumia kama fimbo. Nikaiacha simu. Badala yake jana nilimwandikia yule wa Bujumbura aliyeuliza bei, nikamwambia kama anataka, nitamrekodia upande wa pili, wimbo mmoja tu wa dakika 21 uliotungwa na Pepo Mtoto mwenyewe, naye amejibu kwa furaha na ameniuliza pepo ni nani hasa. Tumeandikiana mpaka saa sita usiku, habari za ngoma za pepo na kwa nini tromboni inaweza kumpanda mtu. Kwa Kiswahili, chake na changu.

Sijapona kabisa. Neno bado lipo, lakini sasa naweza kumeza chakula likiwepo.

Jambo jingine. Kipande cha pili cha upande wa kwanza kina ukimya mwingi, na juzi katikati ya ukimya huo nilisikia mkwaruzo ambao si wa santuri. Nilidhani ni panya. Ni tawi la mwembe, linakwaruza bati juu ya chumba cha Mama. Mwaka huu limezaa kuliko miaka yote, maembe bado mabichi na mazito, na limeinama mpaka limeegemea paa. Fundi wa msumeno alikuja asubuhi akasema likatwe kabla ya mvua kubwa. Mama hataki, mti aliupanda Baba. Nimepanda ngazi mwenyewe kuangalia: misumari miwili imeshang'oka na ukingo wa bati umeanza kuinuka. Sasa hivi ninapoandika, upepo unatoka upande wa Busia, na Mama amelala chini ya bati hilo, jicho halijapona, hataki kuhama chumba.