Udongo Kwanza, Nge Baadaye

Kila ninapoulizwa namna ya kumtunza nge, swali la kwanza huwa ni kuhusu sumu na la pili kuhusu chakula, lakini udongo hautajwi kabisa. Nami nilianza vivyo hivyo. Nilipomleta nyumbani nge wangu wa kwanza, miaka mitano iliyopita, nilikuwa nimesoma mengi juu ya mwiba wake na machache mno juu ya mahali atakapolala. Nikamweka ndani ya tangi la kioo lenye mchanga mkavu wa kina cha vidole viwili, nikiamini kwamba nge yeyote ni mnyama wa jangwani.

Nge huyo ni yule mkubwa mweusi wa Afrika Magharibi, aitwaye Pandinus imperator kwa jina la kisayansi. Akikomaa hufikia sentimita 20 hivi, na asili yake ni misitu na savana zenye unyevu katika nchi kama Ghana, Togo na Nigeria, ambako huishi katika mashimo, chini ya magogo na hata ndani ya vichuguu vya mchwa. Nge weusi wa misitu ya Asia, wa jenasi ya Heterometrus, wana mahitaji yanayokaribiana sana na yake, kwa hiyo mengi ninayoyaeleza hapa yanawahusu nao pia. Mchanga mkavu kwa viumbe wa namna hii ni mateso. Wangu alihamia kwenye kisahani cha maji, akakaa juu yake usiku na mchana, akakataa kila nyenje niliyemtilia, nami nikalichukulia jambo hilo kuwa ni ugeni tu wa makazi mapya. Ilinichukua karibu wiki tatu kutambua kwamba alikuwa akitafuta unyevu.

Tangu hapo ninatayarisha udongo kwanza, kisha ndipo ninapomfikiria nge. Ninatumia makumbi ya nazi yaliyosagwa, yaliyochanganywa na udongo wa kawaida usiotiwa mbolea wala dawa ya wadudu, na ninaushindilia hadi kina cha sentimita 15, kwa sababu udongo uliolegea hauwezi kushika shimo bila kuporomoka. Kipimo changu cha maji ni kuufinya mkononi: unapaswa kushikamana kama donge, bila kuchuruzika hata tone moja kati ya vidole. Baadaye, ukianza kukauka, siunyunyizii juu, bali humimina maji polepole katika pembe moja ya tangi ili yashuke hadi chini, tabaka la chini libaki na unyevu na la juu likauke kiasi. Hivyo nge huchagua mwenyewe, kwa kuchimba au kupanda, unyevu unaomfaa kwa siku hiyo. Unyevu wa hewa ninaupenda uwe kati ya asilimia 75 na 80, lakini nisisitize kwamba tangi lisilopitisha hewa ni baya sawasawa na tangi kavu, kwani ukungu hutanda upesi, na utitiri hujazana kwenye maungio ya miguu ya nge, mahali ambapo ni vigumu mno kuwaondoa.

Joto lifaalo ni kati ya nyuzi 25 na 30 za Selsiasi. Chumba chenye joto la namna hiyo hakihitaji kifaa chochote, na panapohitajika mkeka wa umeme wa kupashia joto, nasihi ubandikwe ubavuni mwa tangi na uunganishwe na kidhibiti joto. Wengi huuweka chini ya tangi, na sababu ya kulipinga jambo hilo iko katika tabia ya mnyama mwenyewe: porini jua humpiga kutoka juu, naye huchimba ili kulikimbia. Joto likitoka chini, kila anapochimba kulikimbia huwa analikaribia, huku udongo wa chini, ambao ndio ghala lake la unyevu, ukikaushwa. Taa kali hana haja nayo. Taa ya urujuanimno, ambayo chini yake mwili wake hung'aa rangi ya kijani na buluu, inafaa kwa kumtafuta gizani kwa dakika chache tu.

Kuhusu chakula sina mengi. Nge mkubwa hutosheka na nyenje au mende wa kufugwa mmoja au wawili kwa wiki, na anaweza kukaa wiki nyingi bila kula na asidhurike. Mende aliyeokotwa jikoni asitumike, kwa kuwa huenda amekula sumu.

Lililo zito ni kile kinachotokea anapokataa chakula kwa sababu anakaribia kujivua ngozi. Nge huyu hujivua takriban mara sita kabla ya kukomaa, na kwa muda wote wa kutoka katika ngozi ya zamani, na siku kadhaa baadaye, mwili wake huwa mweupe, laini na usio na ulinzi wowote. Katika mwaka wangu wa pili nilikuwa na nge mchanga, mwenye urefu wa kidole changu cha shahada, aliyekuwa amefunga mlango wa shimo lake. Nilimwachia nyenje wawili nikidhani kwamba atatoka usiku na kuwala. Asubuhi nikamkuta amejivua nusu, na nyenje wamemtafuna tumboni akiwa hai, hana uwezo wa kuinua gando. Kosa lilikuwa langu peke yangu, na bado linaniuma. Tangu siku ile, nyenje ambaye hajaliwa kufikia asubuhi ninamtoa, na nge akiziba shimo hapewi kitu ila maji.

Sasa niiseme sumu, maana najua inasubiriwa. Nge huyu mzima hutegemea zaidi magando yake, na mchomo wake hulinganishwa na wa nyuki kwa watu walio wengi, ingawa mtu mwenye mzio anaweza kudhurika vibaya. Wale wa familia ya Buthidae, kama jenasi za Androctonus na Leiurus, wana sumu inayoweza kuua, na kwa maoni yangu nyumba ya kuishi watu si mahali pao. Hata huyu mpole simshiki. Hapati faida yoyote kwa kushikwa, na akianguka kutoka kimo cha kiuno anaweza kupasuka. Ninapolazimika kumhamisha, humfunika kwa chombo na kupitisha kipande cha karatasi ngumu chini yake.

Anayetaka kumpata na amtafute aliyezaliwa katika ufugaji, mwenye hati zake. Tangu mwaka 1995 spishi hii imo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa kuwa biashara ya kuwakamata porini ilikuwa kubwa kiasi cha kutia wasiwasi, na kila anayenunua nge wa porini humchimbua mwingine kutoka shimoni mwake.

Mwaka jana yule jike wangu wa kwanza, baada ya kukaa na dume na kubeba mimba kwa miezi tisa na ushei, alizaa watoto 14. Nge hatagi mayai. Watoto hutoka wakiwa hai, weupe kama punje za mchele, kisha humpanda mama mgongoni na kukaa huko hadi wajivue ngozi kwa mara ya kwanza. Nililifunika tangi kwa kitambaa cheusi na kwa wiki tatu sikufungua kifuniko ila kwa kuongeza maji, kwa sababu mama akisumbuliwa anaweza kuwala wanawe. Walio hai leo ni 11, wote wanaishi pamoja na mama yao, nao wamechimba vijia vyao pembeni mwa shimo lake. Kwa ajili yao nimeongeza udongo, na sasa kina chake ni sentimita 20.