Mradi wa benchi: vifaa vya mkono vinaanza kutimia

Mbao za benchi la kufanyia useremala, paini ya Mafinga, bado zinakauka. Nimezipanga na vipande vyembamba katikati ili hewa ipite. Wakati zikisubiri nimekuwa nikizunguka Kariakoo na Gerezani kutafuta vifaa, na kilichonichukulia muda zaidi ni randa.

Nilitaka Stanley namba 5, ile ya inchi 14. Namba 4 ina kama inchi 10. Inalainisha vizuri, ila kwa ufupi wake inashuka na kupanda pamoja na mabonde ya ubao. Ndefu hupita juu ya mabonde ikikata vilima kwanza, ndiyo maana inanyoosha. Muundo wake haujabadilika sana tangu Stanley waliponunua hataza za Leonard Bailey mwaka 1869, kwa hiyo randa iliyotumika naichukua bila wasiwasi.

Kutu ya juujuu huondoka kwa msasa. Ufa hauondoki. Mwili wa randa ni chuma cha kusubu, ukianguka sakafuni haupindi, unapasuka, hasa pembeni mwa mdomo, yaani upenyo anaotokea kisu, ambako ni mwembamba. Nikishakagua hapo, nalaza rula ya chuma chini ya randa na kuielekeza kwenye mwanga: ncha ya mbele, ukingo wa mdomo na ncha ya nyuma lazima viiguse rula kwa pamoja. Kisha nafungua kisu na kutazama bamba linalokaa juu yake. Kisu na bamba vikiacha mwanya kati yao, maranda yanaingia humo na kuziba mdomo. Hilo linatengenezeka kwa tupa na jiwe, lakini ni sababu nzuri ya kuomba punguzo.

Skwea, kipimo cha pembe mraba, naijaribu dukani palepale. Nachora mstari kwenye ubao wenye ukingo ulionyooka, naigeuza skwea upande wa pili, nachora tena kuanzia nukta ileile. Mistari ikiachana, mwachano huo ni mara mbili ya kasoro yenyewe, kwa hiyo hata kasoro ndogo inaonekana. Mpya nyingi hazikufaulu. Niliyoinunua imetumika.

Msumeno: yenye meno meusi au ya buluu imegumishwa meno kwa joto, tupa inateleza tu juu yake, ikiwa butu ndiyo basi. Nimechukua wenye meno ya kawaida, unaonoleka kwa tupa ya pembe tatu.

Patasi nimenunua tatu tu, milimita 6, 12 na 25, ingawa seti kamili ilikuwepo. Fedha iliyobaki imeenda kwenye jiwe la kunolea la maji lenye pande mbili, 1000 ya kukwangua na 6000 laini zaidi, na kwa maoni yangu hapo ndipo anayeanza useremala angetanguliza fedha yake. Patasi ya bei ndogo ikisawazishwa mgongo, ikachongwa nyuzi 25 na kunolewa ncha kwa 30, inakata mninga safi kabisa. Ya bei kubwa isiyonolewa inauchana tu, kwa sababu nyuzinyuzi za mninga hupishana.

Limebaki jiliwa, kifaa cha kubana ubao kwenye benchi. Mengi yaliyopo madukani ni ya mafundi vyuma, meno ya taya zake yanaacha alama kwenye mbao. Nitanunua skrubu yake peke yake, taya nichonge mwenyewe kwa mkongo.