Bibi wa Crostwitz aliyenitetea basini

Juzi, kwenye basi la kutoka Kamenz, mji mdogo wa mashariki mwa Ujerumani, nilikuwa naongea na mama kwa simu, Kipare, tena kwa sauti ya chini. Jamaa wa kiti cha mbele akageuka: hapa ni Ujerumani, ongea Kijerumani. Damu ilinichemka. Miaka sita nawageuza wazee wao vitandani, nawaogesha, nawalisha, kodi inakatwa kabla mshahara sijauona. Halafu mama yangu aliyeko Same nimsalimie kwa lugha gani?

Kabla sijafungua mdomo, bibi mmoja aliyekaa pembeni akamjibu yule bwana. Hakumjibu kwa Kijerumani. Alisema mengi, taratibu, bila kupaza sauti, na jamaa akageukia dirishani.

Bibi ni Msorbi, wa jamii ndogo ya Waslavi wa mashariki mwa Ujerumani, na lugha yao ni Kisorbi. Alikuwa anashukia Crostwitz, kijiji cha watu elfu moja hivi, ambacho kibao chake cha barabarani kina majina mawili: Crostwitz, na chini yake Chrósćicy. Waslavi wamekaa pande hizi tangu karne ya 6, na mpaka leo pale kijijini Kisorbi ndicho utakachokisikia kanisani na sebuleni. Ni ndugu wa Kicheki na Kipolandi. Wanazi walikifukuza shuleni na magazetini, na mwaka 1937 wakakifungia chama cha Wasorbi, Domowina. Lugha ikapona. Ikaja 2001, serikali ya jimbo ikasema darasa la tano la shule ya kijiji lina watoto 17 tu, na wanaotakiwa ni 20. Wazazi wakagoma, walimu wastaafu wakajitokeza kuwafundisha wale watoto. Mwaka 2003 shule ikafungwa. Bibi alinisimulia kwa Kijerumani, kama anasimulia msiba wa wiki iliyopita. Watoto 17! Kwetu hao ni madawati manne.

Wewe unayejaza fomu za uuguzi, usidhani kila ajira ni Berlin. Utapelekwa kijijini, ambako Jumapili duka limefungwa, basi ukilikosa unasubiri mpaka ubaridi ukuingie mifupani, na bodaboda hakuna. Leseni ya udereva ya nyumbani ni miezi sita tu, baada ya hapo unafanya mitihani upya. Yangu imenila zaidi ya euro 2,800, piga mwenyewe kwa shilingi. Kijerumani kisome mpaka kiwango cha B2, yaani cha kuongea bila kukwama, kabla hujapanda ndege, maana wazee wa huku hawatakusubiri utafute neno.

Tulipokaribia kituo chake, bibi akaniuliza lugha yangu inaitwaje. Nikamtajia. Akauliza kama mwanangu anaijua. Nikasema anajua Kijerumani, na Kiswahili kidogo. Akanishika mkono, akaubana, akashuka.

Nimeshamwambia mama: Jumapili nikimpa mjukuu wake simu, asimsemeshe Kiswahili.