Nilivyopanga kazi ya nyumbani Tanga kwa kufuata mfano wa Stephanie Shirley

Nilianza kusoma habari za Dame Stephanie Shirley kwa ajili ya mwanangu, ambaye ana usonji (autism), kwa kuwa jina la mama huyo lilijitokeza kila nilipotafuta maandishi kuhusu hali hiyo. Kilichonifanya niendelee kumsoma ni namna alivyopanga kazi yake. Alifariki Agosti 2025 akiwa na umri wa miaka 91, baada ya kuanzisha kampuni kubwa ya programu za kompyuta nchini Uingereza na kisha kugawa sehemu kubwa ya mali aliyoipata. Mimi ni karani wa hesabu, nakaa Makorora, na bila ya mfano wake sidhani kama ningebaki kwenye kazi hii.

Alizaliwa Dortmund, Ujerumani, mwaka 1933. Baba yake, hakimu wa Kiyahudi, alipoteza kazi Wanazi waliposhika madaraka, na mwaka 1939 binti huyo wa miaka 5 alipandishwa treni pamoja na dada yake, wakawa miongoni mwa watoto wapatao 10,000 waliopelekwa Uingereza bila wazazi wao. Alilelewa na familia ya Kiingereza. Shule yake ya wasichana haikufundisha hisabati, hivyo akaruhusiwa kuisoma katika shule ya wavulana, na baadaye akapata shahada kwa masomo ya jioni huku akifanya kazi mchana katika kituo cha utafiti cha Posta, Dollis Hill. Katika uzee wake alikuwa akisema kwamba alitaka kuishi maisha yanayostahili kuokolewa kwake.

Mwaka 1962, kwa mtaji wa pauni 6, alianzisha Freelance Programmers nyumbani kwake. Siku hizo programu ilitolewa bure pamoja na mashine, kwa hiyo wengi walishangaa kuona mtu anauza programu peke yake, tena mtu huyo ni mwanamke. Barua zake hazikujibiwa mpaka mumewe alipomshauri atie saini kwa jina la kiume la Steve, ndipo wateja walipoanza kumpokea. Aliwachukua wanawake wenye ujuzi walioacha kazi kwa sababu ya ndoa au uzazi, akawaacha wafanye kazi majumbani mwao. Kati ya wafanyakazi wake 300 wa mwanzo, wanaume walikuwa 3 tu. Wanawake hao ndio walioandika programu ya kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde. Na mteja alipopiga simu, Shirley aliwasha kanda yenye sauti za mashine za taipu, ili kelele za nyumbani zisisikike upande wa pili.

Mwanawe wa pekee, Giles, alizaliwa mwaka 1963, na alipofikia miaka miwili na nusu alipoteza maneno machache aliyokwisha kuyajua. Niliposoma hapo niliweka simu chini. Mwanangu naye alikuwa akisema "maji" na "baba", kisha akanyamaza kabisa. Karibu na kwetu kuna mashine ya kusaga, na ikiwashwa tu huziba masikio na kukimbilia uvunguni mwa kitanda, akabaki humo hata baada ya mashine kuzimwa. Hakuna dada wa kazi aliyeweza kumtuliza kwa muda mrefu, na ofisi niliyoajiriwa ilitaka niwepo mezani tangu asubuhi hadi jioni. Niliacha kazi hiyo.

Wanawake wa Shirley waliandika programu kwa penseli na karatasi nyumbani, karatasi hizo zikapelekwa kwa posta ili yaliyoandikwa yatobolewe kwenye kadi zilizosomwa na kompyuta za siku hizo. Nilipolifikiria hilo niliona kwamba siri yake haikuwa teknolojia, maana walikuwa na simu ya mezani tu. Kazi yao iliweza kukatwa vipande ambavyo kila kimoja humalizwa na mtu mmoja kwa wakati anaoupata, kisha mwingine akakikagua. Hesabu za duka nazo hukatika hivyo hivyo. Niliwatafuta wanawake wa Makorora, Mikanjuni na Chumbageni waliosomea uhasibu na kukaa nyumbani kwa ajili ya watoto au kuuguza wazazi, tukagawana: mmoja hupokea picha za risiti, mwingine huziingiza kwenye kompyuta, mwingine hulinganisha na taarifa ya benki na miamala ya simu, na wa mwisho hukagua kabla ya ritani ya VAT (taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani), ambayo hutakiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Malipo ni kwa kipande kilichokamilika, hata kikifanywa saa nane ya usiku mtoto akiwa amelala. Kila duka lina wanawake wawili wanaolifahamu, ili homa ya mtoto tarehe 18 isiwe hasara ya mwenye duka. Risiti hupigwa picha siku ile ile zinapotolewa, kwa sababu karatasi ya mashine za EFD, yaani zile za kutolea risiti za kodi, hufifia haraka katika joto letu la Tanga, na baada ya miezi michache tarakimu huwa hazisomeki.

Ugumu ulikuwa kwa wateja. Mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani aliniuliza, "Mwanangu, hesabu zangu zikakae nyumbani kwa watu, kwenye masufuria na watoto?" Nikamjibu, "Mzee wangu, daftari lako halitoki dukani, sisi tunachukua picha tu, na ukitaka kuona hesabu zako siku yoyote nitakuletea mwenyewe." Akakubali kwa mwezi mmoja wa majaribio, na mpaka leo ni mteja wetu. Wateja wote nimewaambia tangu mwanzo kwamba tunafanyia kazi nyumbani na kwamba wakipiga simu huenda wakasikia mtoto. Shirley hakuwa na nafasi ya kusema hivyo katika miaka ya 1960, na ninaamini kanda yake ya taipu ni moja ya sababu za sisi kuweza kusema leo.

Alipostaafu mwaka 1993 alikuwa tayari ameanza kuwamilikisha wafanyakazi wake sehemu ya kampuni, na ilipoingia kwenye soko la hisa mwaka 1996, wafanyakazi 70 walitajirika kufikia mamilioni ya pauni. Giles alifariki mwaka 1998 akiwa na miaka 35. Akiwa bado hai, mama yake alikuwa ameanzisha makazi ya watu wazima wenye usonji, ambako Giles alikuwa mkazi wa kwanza; kisha akaanzisha shule ya Prior's Court na shirika la utafiti la Autistica. Pia alitoa fedha za kuanzisha taasisi ya kuchunguza intaneti katika Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 2001. Jumla ya sadaka zake ilipita pauni milioni 60, na karibu zote zilikwenda kwenye mambo mawili aliyoyaishi, yaani kompyuta na usonji.

Kikundi chetu hutenga fungu dogo kila mwezi kwa ajili ya kitengo cha watoto wenye usonji katika shule moja ya msingi ya serikali. Wengine walipendekeza tupeleke biskuti na juisi siku ya Idi. Mimi nilisisitiza kwanza tumuulize mwalimu, naye alitaja vitu vitatu: vifaa vya kuziba masikio, nauli ya mzazi anayetoka Pongwe, na kadi za picha zinazomwonyesha mtoto mpangilio wa siku, kuanzia kunawa, kunywa uji, kuingia darasani hadi kurudi nyumbani. Kadi za kwanza tulizichora na kuzipitisha kwenye nailoni sisi wenyewe. Sasa walimu wameomba wafundishwe kuzitengeneza, na tumepanga kuifanya kazi hiyo mwezi wa Juni, shule zikiwa likizo.