Khanga ya kuchana: nilivyowashonea sodo wanawake waliokimbia vita

Mimi ni fundi cherehani wa Ujiji. Mwaka 2015, machafuko yalipozuka Burundi baada ya Rais Pierre Nkurunziza kutangaza kugombea muhula wa tatu, maelfu ya watu walivuka mpaka na kurundikana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, na kutoka huko wakaletwa Kigoma kwa meli ya MV Liemba. Walipofikishwa katika uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, nilikwenda na wanawake wenzangu kupeleka uji na nguo. Kipindupindu kilikuwa kimekwisha kuua watu Kagunga, kwa hiyo mazungumzo yote yalikuwa ya maji na dawa, na ilistahili kuwa hivyo.

Mama mmoja alinivuta kando. Alijua Kiswahili kwa kuwa alikulia Ulyankulu, mkoani Tabora, wazazi wake walikokimbilia baada ya mauaji ya mwaka 1972. Aliniomba khanga kuukuu. Nikamwambia, "Mama, ninayo nzuri zaidi." Akajibu kwa sauti ya chini, "Hapana, dada yangu. Nataka ya kuchana."

Binti yake alikuwa mwezini tangu Kagunga, na alikuwa amekaa juu ya furushi la nguo bila kuinuka, hata foleni ya uji hakuipanga.

Usiku ule nilimkumbuka somo yangu, aliyenifundisha nikiwa mwari kukunja sodo na kuifunga kwa mshipi kiunoni. Ujuzi ule nilikuwa nimeuacha tangu pedi za dukani zilipoenea, lakini hawa wanawake wengi hawakuwa na chupi ya kubandikia pedi, na mshipi hauhitaji chupi. Nilikata vitambaa vya pamba, ndani nikaweka flaneli tabaka tatu, chini nikashonea nailoni nyembamba kama ya mwavuli ili damu isipenye, na kila ncha nikaiwekea kitanzi cha kupitishia mshipi. Kila mwanamke nilimpa vipande vitatu.

Walipohamishiwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, niliruhusiwa kuingia pamoja na shirika moja lililokuwa likigawa mahitaji ya wanawake. Nilikuta wengi wana malalamiko ya kuwashwa, na mwanzoni nililaumu kitambaa changu. Kosa halikuwa la kitambaa. Familia nyingi zilikuwa zimelazwa pamoja katika mabanda makubwa, na hakuna mwanamke aliyekubali kuanika sodo mbele ya baba mkwe wake au wanaume asiowajua; wakawa wanazikausha chini ya mikeka wanayolalia, kisha wanazivaa zikiwa na unyevunyevu. Sabuni ya mgao nayo ilikuwa ya nyumba nzima, na mama akiwa na kipande kimoja atafua kwanza nguo za mtoto. Mabafu yalikuwa ya turubai, hayana komeo wala taa, kwa hiyo waliogopa kwenda kufua usiku, na mchana waliona haya.

Nasema kwa uchungu kwamba tulikuwa tumegawa kitambaa tukidhani tumemaliza kazi.

Tulianza upya kwa kuwauliza wao. Walichagua ua wa turubai nyuma ya mabafu ya wanawake, wenye kamba ndani na uwazi juu wa kupitisha jua, na wakapanga zamu za kuulinda wao kwa wao. Tuliomba sabuni ya hedhi itolewe mkononi mwa mwanamke mwenyewe, pamoja na ndoo ndogo yenye mfuniko ya kulowekea kwa maji baridi, maana maji ya moto hugandisha damu kwenye kitambaa. Rangi tuliibishania sana: mimi nilipenda nyeupe, inayoonyesha kama imetakata, wao wakataka nyeusi isiyoonyesha doa, na nikawafuata. Mvua zilipoanza kunyesha, vipande vitatu havikutosha, kwa kuwa cha kwanza kilikuwa hakijakauka wakati cha tatu kinavaliwa; tukafikisha sita.

Jambo moja lilimzidi fundi. Baadhi yao hedhi ilikuwa imekatika kwa miezi kadhaa kwa sababu ya hofu na njaa, na mmoja alishutumiwa na mumewe kuwa ana mimba ya njiani. Huyo nilimpeleka kwa muuguzi, na nikakaa naye hadi alipopimwa.

Yule binti wa uwanjani nilimkuta Nyarugusu akijifunza kushona. Alinieleza kwa adabu, "Shangazi, fundo la mshipi likilowa halifunguki gizani." Nikampa mkasi na vifungo, akanionyesha mahali pa kuviweka, ubavuni upande wa kulia, viwili, kimoja cha akiba. Mishipi yote niliyoshona baada ya hapo ilikuwa ya vifungo.